Ndege asiyeliwa ana kazi gani?

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Muumba wa mbingu na ardhi na vilivyomo baina yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba wake na wote waliofuata uongofu wake.

Ndugu msomaji, wiki hii niruhusu niweke kando mijadala tuliyoizoea katika ukurasa huu, nikueleze kosa nililolifanya darasani. Sikukosea kusoma aya wala sikukosea hukumu. Hukumu niliyoifundisha ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika maneno machache niliyoyaongeza mwenyewe, na maneno hayo yakamgharimu uhai kiumbe wa Allah.

Mimi ni mwalimu wa elimu ya dini ya Kiislamu. Kila Jumamosi huwa nina darasa la vijana wa madrasa hapa Kemondo, bandari iliyo kando ya Ziwa Victoria, kama kilomita 20 hivi kusini mwa mji wa Bukoba kwa barabara ya kwenda Muleba. Siku hiyo tulikuwa katika mlango wa vyakula vya halali na haramu. Nikawafundisha ile hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Ibn Abbas, kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kula kila mnyama mwenye chonge na kila ndege mwenye makucha ya kurarulia. Nikawatajia mifano: tai, mwewe, kipanga, bundi. Kwa kuwa tupo ziwani, nikamtaja pia furukombe, yule tai mwenye kichwa cheupe anayekamata samaki.

Kijana mmoja wa miaka kama 13 akanyoosha mkono. "Ustadhi, sasa kama haliwi, ana kazi gani?"

Muda ulikuwa umekwisha. Muadhini alikuwa ameshaanza adhana ya Adhuhuri. Nikafunga kitabu na kumjibu: "Kwetu sisi hana kazi."

Wiki mbili baadaye vijana wanne walinijia wakiwa wamembeba furukombe mchanga, bawa moja limevunjika, miguu imefungwa kwa uzi wa nyavu. Walikuwa wamempiga kwa manati alipokuwa ametua kwenye mti karibu na mwalo. Walikuja kwa furaha, kama mtoto anavyomletea mwalimu daftari lenye vema nyingi. Yule aliyeuliza swali ndiye aliyetangulia. "Ustadhi, huyu ndiye yule asiye na kazi."

Ndege yule alifariki kabla ya Alasiri. Nikawaambia wachimbe shimo. Mdogo wao, wa miaka tisa, akaniuliza kama tutamswalia, na wenzake wakamcheka. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nikikumbuka kisa kilichomo katika Suratul Maidah, aya ya 31, ambapo mwana wa Adam alimuua ndugu yake akawa hajui auweke wapi mwili, Allah akamleta kunguru afukue ardhi ili amwonyeshe namna ya kusitiri maiti. Kwa hiyo mwalimu wa kwanza wa mazishi alikuwa ndege. Leo sisi tulikuwa tunamzika ndege tuliyemuua kwa kutofikiri.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo nakuletea na wewe, ndugu msomaji. Je, kiumbe asiye na faida kwetu ana haki juu yetu? Na je, sisi tunaosoma aya za Allah juu ya ndege asubuhi na jioni, tumewahi kuwatazama?

Aya tunazozihifadhi

Wengi wetu tumehifadhi Suratul Mulk. Wapo wanaoisoma kila usiku kabla ya kulala. Katika aya ya 19 Allah (s.w.) anawahoji watu kama hawawaoni ndege juu yao, wakikunjua mbawa na kuzikunja, akatukumbusha kwamba hakuna anayewashikilia angani ila Yeye Mwingi wa Rehema. Swali kama hilo limo pia katika Suratun Nahl, aya ya 79. Katika Suratun Nur, aya ya 41, tunaambiwa kuwa ndege waliokunjua mbawa zao wanamsabihi Allah, na kila mmoja amekwisha kuijua swala yake na tasbihi yake. Na katika Suratul An'am, aya ya 38, tunafahamishwa kuwa kila mnyama atambaaye na kila ndege arukaye kwa mbawa zake mbili ni umma mfano wetu sisi.

Hebu tuzingatie. Allah hakutuuliza kama tunawala au tunawauza. Ametuuliza kama tunawaona. Anayeulizwa kama ameona hawezi kujibu kwa kusoma tajwidi nzuri. Lazima ainue kichwa.

Nakiri mbele yako kwamba mimi, mwenye shahada ya chuo kikuu na niliyewafundisha watoto wengi sura hii, nilikuwa sijawahi kuinua kichwa kwa ajili ya aya hiyo hata mara moja. Sisi watu wa Kagera tunajua sana kuangalia juu msimu wa senene unapoingia. Usiku mzima watu wazima na watoto macho yao yapo kwenye taa. Lakini tunachokitafuta pale ni kitoweo. Kutazama kiumbe ambacho hakitaingia kwenye sufuria ni jambo tulilowaachia wageni wenye darubini shingoni, na tukiwaona tunanong'onezana kwamba hawa wana pesa za kuchezea.

Asubuhi moja Kemondo

Basi Jumamosi iliyofuata niliswali Alfajiri, nikateremka hadi ufukweni. Sikuwa na darubini wala kitabu cha ndege. Nilimkuta mzee mmoja mvuvi akikagua nyavu zake. Nikamsalimu, akaitikia, kisha akaniuliza nimekuja kutafuta nini mapema namna ile.

"Nimekuja kwa ajili ya ndege, mzee wangu."

"Wa kununua?"

"Wa kutazama tu."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mimi nimewatazama zaidi ya miaka arobaini, Ustadhi, na hakuna aliyenilipa."

Akaniketisha juu ya ubavu wa mtumbwi, na yeye ndiye akawa mwalimu. Alinionyesha mnandi, ndege weusi, waliokaa juu ya mawe wakiwa wametandaza mbawa zao jua lizikaushe, mfano wa nguo zilizoanikwa. Alinionyesha mdiria mwenye madoa meusi na meupe, ambaye husimama angani pale pale, mbawa zinapiga, kichwa hakitikisiki, kisha hujitupa majini kama jiwe na kuibuka na samaki mdomoni. Ndugu msomaji, nilipomwona yule mdiria amesimama hewani bila kushikwa na kitu, aya ya 19 ya Suratul Mulk ilinijia kana kwamba ninaisikia mara ya kwanza. Nimeifasiri mara ngapi ubaoni! Siku ile ndipo nilipofahamu kwa nini Allah ametaja kushikiliwa.

Tukawaona yangeyange wakitembea baina ya dagaa walioanikwa, wanadokoa na kukimbia. Kwarara wakapita juu ya migomba na kelele zao. Mzee akaniambia kuwa kuna mbayuwayu ambao huonekana miezi fulani tu na kisha hupotea. Kweli wataalamu wanaeleza kuwa wako mbayuwayu wanaozaliana Ulaya, ambao kunapokuja baridi huruka maelfu ya kilomita hadi Afrika, na baadaye hurudi. Kitu kisichofika hata uzito wa mkate mdogo kinavuka jangwa la Sahara bila pasipoti. Nani anamshikilia?

Mwisho tukamsikia furukombe. Alikuwa kileleni mwa mti, akarudisha kichwa nyuma na kupaza sauti ambayo ilisikika ghuba nzima. Mwenzake akamjibu kwa mbali. Sikumwambia mzee kuhusu yule tuliyemzika. Niliona haya.

Nikamuuliza kama ndege hawa hawamwibii. Alikiri kwamba mnandi huwaharibu samaki walionaswa na wakati mwingine huchana nyavu, na kwamba huwafukuza kila siku. "Nawafukuza, siwaui. Ziwa hili halikuandikwa jina langu peke yangu." Kisha akaniambia kuwa ndege wakizunguka mahali pamoja juu ya maji, mvuvi mwenye akili anajua chini yao kuna kundi la dagaa.

Nilirudi nyumbani nikiikumbuka hadithi aliyoipokea Imam Tirmidhi kutoka kwa Umar (r.a.), ambapo Mtume (s.a.w.) alitupigia mfano wa kumtegemea Allah kwa ndege watokao asubuhi na njaa na kurejea jioni wameshiba. Mfano huo hauwezi kumfaa mtu ambaye hajawahi kuwaangalia ndege wakitoka na kurejea. Mzee yule, ambaye hajui kusoma kitabu cha fiqhi, alikuwa anaishi ndani ya hadithi. Mimi nilikuwa naitolea mtihani.

Mwaminifu aliyewakusanya waliokufa

Huenda msomaji akasema kwamba nataka Waislamu waige wazungu. La, sivyo. Kutazama nako kuna namna zake, na mji wetu wa Bukoba unao ushahidi wa namna isiyotosha.

Kituo cha Wajerumani cha Bukoba kilianzishwa mwaka 1890 na mtu anayejulikana katika historia kwa jina la Emin Pasha. Alizaliwa mwaka 1840 huko Silesia, jina lake Eduard Schnitzer. Alikuwa tabibu. Alipofanya kazi katika dola ya Uthmaniya alichukua jina la Kiislamu, Mehmed Emin, na baadaye akawa gavana wa jimbo la Ikweta, kusini mwa Sudan, chini ya utawala wa Misri. Mwaka 1889 alifika Bagamoyo pamoja na Stanley, na mwaka uliofuata akarudi bara, safari hii akiwatumikia Wajerumani. Aliuawa Kongo mwaka 1892. Kuhusu imani yake ya kweli, hayo ni baina yake na Mola wake.

Mtu huyu alikuwa hodari wa ndege. Miaka mingi aliwakusanya, akawachuna ngozi, akawaandika kwa makini na kuwapeleka makumbusho za Ulaya. Yuko shomoro mmoja wa Afrika Mashariki ambaye tangu mwaka 1880 ana jina lake katika vitabu vya sayansi, Passer eminibey. La kushangaza ni kuwa macho yake yalikuwa mabovu sana. Ilimlazimu akisogeze kitu karibu kabisa na uso ndipo akione. Usiku wa karamu ya kumpokea pale Bagamoyo alianguka kutoka ghorofani na kuumia vibaya kichwani, na wengi walisema sababu ni uoni wake hafifu.

Tumpe haki yake. Mtu mwenye macho mabovu aliona katika ardhi yetu mambo ambayo sisi wenye macho mazima hatukuyaandika. Hilo ni funzo, na aibu yake ni yetu. Wanazuoni wetu wa zamani hawakuwa hivi. Al-Jahiz wa Basra, katika karne ya tisa, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama. Ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 1405, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi, aliwapanga wanyama mmoja mmoja, akataja tabia zake na hukumu ya kuliwa kwake katika kitabu kimoja. Kwake yeye hukumu na kumjua kiumbe vilikwenda pamoja. Sisi tumebaki na hukumu peke yake.

Lakini lipo la pili. Ili ndege wa Emin Pasha wafike makumbusho, ilibidi kwanza wapigwe risasi. Na aliyewakusanya ndege ndiye aliyekuja kuikusanya ardhi kwa ajili ya Wajerumani. Emin ni neno letu Amin, yaani mwaminifu, mtu wa amana. Amana juu ya kiumbe haitimii kwa kukijua tu na kukiweka kwenye sanduku. Mtazamaji anayetaka kila anachokiona kiwe chake, kwa bunduki, kwa tundu au kwa picha ya kujionyeshea, bado hajafika pale aya inapomwita. Aya inamwita amwone ndege, kisha amkumbuke anayemshikilia.

Haramu ni ulinzi

Turudi katika fiqhi, maana huko ndiko nilikokosea. Mwalimu mwenzangu nilipomsimulia habari hii alinipinga. Akaniambia, "Ustadhi, usizidishe. Mtume (s.a.w.) ameruhusu kuuawa kunguru na mwewe." Hoja yake ni ya kweli na inastahili jibu. Katika hadithi ya Bukhari na Muslim kutoka kwa mama Aisha (r.a.) wametajwa viumbe watano wanaoweza kuuawa hata katika eneo tukufu la Makka: kunguru, mwewe, nge, panya na mbwa mkali anayeng'ata. Wanazuoni wameeleza kuwa sababu ni madhara yao kwa watu na mali zao.

Sasa tujiulize. Kama kila asiyeliwa angekuwa halali kuuawa, kulikuwa na haja gani ya kuwataja hawa watano? Ruhusa kwa wachache wenye madhara inatuonyesha kwamba wasio na madhara wamebaki katika hifadhi. Furukombe anavua ziwani kwa riziki aliyoandikiwa. Hakuingia katika banda la kuku la mtu.

Tena sheria imeweka mipaka hata kwa wale wanaoliwa. An-Nasai amepokea kwamba mwenye kumuua shomoro au mkubwa kuliko huyo bila ya haki yake ataulizwa na Allah, na haki yake ni kumchinja na kumla, si kumkata kichwa na kumtupa. Ibn Umar (r.a.) aliwapita vijana wa Kikuraishi waliomfunga ndege na kumfanya shabaha, wakatawanyika walipomwona, naye akawaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani anayefanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Msomaji, vijana wale na vijana wangu wa manati wana tofauti gani? Na Abu Dawud amepokea kisa cha maswahaba waliochukua makinda mawili safarini, mama yao akaja akipigapiga mbawa, Mtume (s.a.w.) akauliza ni nani aliyemhuzunisha huyu kwa watoto wake, akaamuru warudishiwe mama yao. Mkuu wa umma, yuko safarini na majukumu yote yale, alikuwa na nafasi ya huzuni ya ndege mmoja.

Mwanachuoni mkubwa wa Kishafi, Izzuddin bin Abdis Salaam, aliyefariki mwaka 1262, ameorodhesha haki za wanyama juu ya mwanadamu. Miongoni mwake ametaja kuwa mwenye mnyama amlishe hata kama amezeeka au ameugua kiasi kwamba hakuna faida tena inayopatikana kwake. Soma tena maneno hayo. Faida imekwisha, haki imebaki. Laiti ningelikumbuka hilo kabla ya kufunga kitabu siku ile, ningemjibu yule kijana kwamba uharamu wa kumla furukombe ni ulinzi wake dhidi ya njaa yetu. Mimi niliugeuza ukawa hukumu ya kifo.

Hoja ya mwenye njaa

Ipo hoja nzito zaidi, nami sitaki kuikwepa. Watasema: vijana hawana ajira, wagonjwa hawana dawa, yatima hawana ada, na wewe unatuletea habari za ndege. Je, kutazama ndege si anasa ya walioshiba?

Ingekuwa ni safari ya gharama, mtu anawaacha wanaomtegemea bila chakula ili akapige picha, ningesema ndiyo, huo ni ubadhirifu. Lakini aliyenifundisha mimi kutazama si tajiri. Ni mvuvi mwenye nyavu zilizochanika. Kuinua kichwa baada ya Alfajiri hakuhitaji senti. Na rehema haipungui kwa kugawanywa. Sijapata kumwona mtu aliyekuwa mpole kwa ndege akawa katili kwa yatima kwa sababu ya upole ule. Ninachokiona ni kinyume chake, kwamba mtoto anayezoea kuvunja mbawa kwa mchezo anajifunza kuwa asiye na kazi kwake hana haki kwake. Kesho asiye na kazi atakuwa mzee mgonjwa, mlemavu, au mkimbizi.

Zaidi ya hapo, kutotazama kumetugharimu. Nabii Sulayman (a.s.) alikuwa na ufalme ambao hakupewa mwingine, lakini katika Suratun Naml, aya ya 20, tunasoma kwamba aliwakagua ndege, akagundua kuwa hud-hud mmoja hayupo. Ndege mmoja katika majeshi yote yale! Sisi katika ziwa hili hili tumepoteza jamii nyingi za samaki wadogo tunaowaita furu. Sangara waliletwa kutoka nje katika miaka ya 1950 na 1960, na wataalamu wanakadiria kuwa karibu aina 200 za furu zilitoweka. Wapo watafiti waliobaini katika ghuba ya Mwanza kwamba mdiria waliokuwa wakila furu wakageukia dagaa. Yaani ndege walishabadili chakula chao. Wangapi kati yetu walijiuliza kwa nini? Na mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili kwa sababu ya habari za watu kuvua kwa sumu, walioumia ni wavuvi na wachuuzi. Ziwa likitiwa sumu haichagui baina ya ndege na mtoto anayekunywa maji yake. Kwa hiyo anayesema ndege ni jambo la walioshiba, na atazame tena nani anategemea maji yale yale.

Wengine hunijibu kwa upande wa pili: basi tuwatunze ndege kwa kuwa wataleta watalii. Ni kweli kwamba kanda yetu ina utajiri huo. Msitu wa Minziro, wilayani Missenyi karibu na mpaka wa Uganda, una ndege wa misitu ya Kongo ambao ni shida kuwaona kwingine Tanzania. Kisiwa cha Rubondo, kilichotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1977, kinasifika kwa furukombe wake. Kijana wa Kemondo akijifunza majina ya ndege na kuwaongoza wageni kwa uaminifu, hiyo ni riziki ya halali na nitamwombea dua.

Hata hivyo tuwe waangalifu. Tukimwambia mtoto kwamba furukombe ana haki kwa sababu ya dola za mgeni, tumerudi kwenye jibu langu lile lile, isipokuwa tumebadilisha sufuria kwa pochi. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliposimamisha ndege za abiria, watalii walipungua sana. Je, mwaka ule viumbe wa Allah walikuwa hawana haki? Haki inayotegemea faida hufa siku faida inapokufa.

Nilichobadilisha darasani

Niliwaita wale vijana wanne, nikawaambia kuwa waliompiga ndege ni wao lakini aliyewapa ruhusa ni mimi. Yule mwenye swali, ambaye alikuwa amekuja na furaha siku ile, aliinamisha kichwa. Akaniuliza kama ndege yule atatushitaki Siku ya Kiyama. Nikamweleza kuwa ipo hadithi ya shomoro atakayemlalamikia aliyemuua kwa mchezo, na kwamba wanazuoni wamezungumzia nguvu ya mapokezi yake, lakini maana yake ya kuulizwa imethibiti kwa njia nyingine. "Basi tuombe msamaha," akasema. Nikaanza mimi.

Sasa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi darasa letu linaanzia ufukweni baada ya Alfajiri. Sharti ni mbili: manati inabaki nyumbani, na kila mmoja asome aya moja ya ndege aliyoihifadhi, kisha atazame kimya mpaka aweze kutueleza ameona nini. Mzee wa nyavu hutusaidia kwa majina. Mdogo wao, yule aliyeuliza kuhusu swala ya jeneza, juzi alituambia kuwa mnandi akitandaza mbawa juu ya jiwe anaonekana kama mtu aliyeinua mikono kuomba dua. Sikumsahihisha. Aya inasema kila mmoja anaijua swala yake.

Na katika daftari langu la kufundishia, kwenye mlango wa vyakula, nimeongeza mstari mmoja kwa kalamu nyekundu ili nisije nikausahau muda unapokuwa mfupi na muadhini yuko njiani: asiyeliwa ana Mola wake.

Walimu wenzangu wa madrasa, tuchunge sana maneno tunayoyaongeza baada ya hukumu. Watoto husahau dalili, lakini jibu la haraka la mwalimu hulibeba hadi mwaloni.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiiq.